Akiba ya Mshono

Katibu wa kwaya yetu ya akina mama hacheki na mtu kwenye mambo ya sare. Baada ya mazoezi alisimama mbele yetu, mikono kiunoni, akasema:

"Safari hii sitaki namba. Mara ile niliwauliza namba zenu, kila mtu akaniambia kumi na mbili. Kumi na mbili! Humu ndani? Magauni yakaja, tukaimba tumebana pumzi kama watu wanaozama. Sasa kila mmoja aniletee gauni lake linalomkaa sawasawa. Nalipeleka kwa watu wa kiwandani. Wao watapima gauni, hawatapima maneno."

Tukacheka. Kuna mwenzetu tunamwita Jenereta, maana sauti yake ikishawaka haizimiki mpaka mafuta yaishe. Akauliza, "Na ambaye hana linalomkaa sawasawa?"

"Alete pazia la sebuleni," akasema wifi yangu.

Wifi ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Mdomo wake hauna breki, na kwa kawaida mimi ndiye ninayegongwa wa kwanza. Lakini siku hiyo sikuwa na wasiwasi. Nikasema, "Mimi nina kabati zima. Tangu niolewe sijaongezeka hata kidole kimoja."

Nilisema hivyo kwa hakika, kama mtu anavyotaja jina lake. Wifi akanitazama, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Kwa wifi yangu kufunga mdomo ni jambo la kushangaza. Ilinipasa nilione. Sikuliona.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na watu wote, na mimi pia, tulimwita Fundi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilichokuwa duka: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, na kioo kirefu chenye ufa chini, ambamo wateja walijitazama kuanzia magoti kwenda juu. Mimi nilikuwa nafanya kazi za mkono. Vifungo vilikuwa vyangu, pasi yangu, na kufumua mishono ya nguo za watu kwa wembe. Kukata na kushona vilikuwa vyake. Sikuwahi kununua gauni maishani mwangu. Sikuwahi kuuliza saizi yangu ni ngapi; hata sare ya mara ile Fundi alinishonea mwenyewe, sikutaja namba.

Tena Fundi hakunipima. Wateja aliwazungushia futi, akaivuta, akawaambia watoe pumzi. Mimi alinitazama tu nikipita na ndoo. Nikimwuliza, alisema, "Wewe nakujua." Basi. Kila mwaka gauni jipya au mawili, na ya zamani yakabaki kabatini, na kila nililolivaa lilikaa. Niliona wenzangu wakilalamika, huyu kiuno kimekimbia, yule kifua kimeshuka mpaka kwenye mkanda. Nikamshukuru Mungu kwamba mimi amenihifadhi. Kusema kweli nilimshukuru kwa sauti kidogo, wenzangu wasikie.

Fundi alifariki mwaka juzi, baada ya kuugua mapafu kwa miezi mingi. Wifi akaniletea magauni mawili meusi, mapana kama hema, nikavaa hayo, nikafua moja nikavaa lingine. Mwili ukiingia ndani ya hema haujulikani tena ulivyo. Wala sikuwa na sababu ya kuutazama. Kioo kile nilikifunika kwa shuka kwa sababu kilinionyesha cherehani isiyo na mtu.

Katika muda huo ndipo hedhi ikakoma. Joto likaanza kunipanda kutoka kifuani mpaka kwenye nywele, katikati ya maombi, kama mtu amefungua mlango wa tanuri usoni pangu. Nikaenda zahanati. Nesi akaniuliza umri, nikamwambia hamsini na mbili. Akasema, "Sasa mama, ulitaka ubaki msichana mpaka lini?" Akaita mwingine. Nikarudi nyumbani. Ingekuwa zamani, ningemweleza Fundi, naye angesema neno moja la kunichekesha. Nikalieleza birika.

Binti yetu anakaa mbali na mumewe. Hupiga simu Jumamosi. Mara moja aliniuliza, "Mama, kuna magauni mazuri huku, nikuletee saizi gani?"

"Ile ile," nikamwambia.

"Ile ile ipi, mama?"

"Ya siku zote."

Akacheka, akasema haya, na gauni halikuja. Simlaumu. Angenunua nini na jibu kama lile?

Basi kwa ajili ya Katibu nilichukua gauni la bluu, lenye kola nyeupe, ambalo Fundi alipenda nilivae Jumapili. Nililitoa kabatini, nikalipiga pasi, nikalikunja, nikalitia kwenye mfuko. Sikulijaribu. Kwa nini nijaribu? Magauni yangu yote yalinikaa. Ndivyo nilivyojua, kama ninavyojua mlango wangu unafunguka kwa ndani.

*

Sare zilikuja Alhamisi. Jumapili yake jengo jipya la kanisa lilikuwa linafunguliwa, na wageni wengi walitarajiwa. Gauni la rangi ya damu ya mzee, refu, zipu mgongoni. Kila moja lilikuwa na kikaratasi chenye jina. Tukaingia chumba cha nyuma wanakoweka mikeka na vyombo, tukavua, tukaanza kuvaa, kelele tupu.

Langu likaingia kichwani, likapita mabegani kwa shida, likafika chini ya kifua, likagoma. Nikalivuta. Nikageuka pembeni, nikatoa pumzi, nikalivuta tena. Nikasikia uzi mmoja ukisema "tk."

"Utalichana!" Katibu akapiga kelele.

"Si langu hili," nikasema. "Wamekosea."

Katibu akasoma kikaratasi, akatoa gauni langu la bluu mfukoni, akaliweka juu ya lile la damu ya mzee. Mabega kwa mabega, kiuno kwa kiuno. Yalikuwa sawa kabisa.

"Gauni lako hili?"

"Langu."

"Linakukaa?"

Wote wakageuka kunitazama. Unajua wanawake wanavyotazama wakati wanatafuta cha kucheka. Jenereta ndiye aliyewaka kwanza.

"Si ulisema hujaongezeka kidole? Dada, hicho si kidole, huo ni mkono mzima na bega lake!"

Wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, maana usipocheka wanakuhurumia, na huruma ni mbaya zaidi. Nikamtazama wifi nikisubiri anipige la kwake. Alikuwa anafunga zipu ya mtu mwingine.

Katibu akaja karibu, akashusha sauti. Hana roho mbaya, ila ana kazi nyingi. "Muda wa kurudisha haupo. Wewe unajua mwalimu wa kwaya alivyo, asiye na sare hasimami. Labda Jumapili hii ukae na waumini. Pumzika kidogo. Umepitia mengi."

"Nipumzike mpaka lini?"

"Tutaona."

Benchi lile la waumini nalijua, liko kulia, chini ya dirisha. Kwanza alikwenda mama mmoja aliyevimba miguu, kwamba apumzike Jumapili moja. Kisha mwingine ambaye pumzi ilimpungukia. Wapo pale mpaka leo, wanaimba na sisi wakiwa wamekaa, wanatikisa vichwa. Hakuna aliyekwenda kukaa pale akarudi kusimama.

Nieleze jambo moja ili nieleweke. Mimi sauti yangu ni ya kawaida. Kwaya haitaanguka nikikosekana. Lakini mstari wetu umebanana, Jenereta kushoto kwangu na wifi kulia, na tunapoimba mabega yanagusana, tukivuta pumzi tunavuta pamoja, mbavu zao kwenye mikono yangu. Ukiwa mke wa mtu hulijali hilo. Mimi tangu Fundi aondoke, kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi hakuna mtu anayenigusa. Muuza maziwa ananipa chupa kwa kuiweka kizingitini. Hata kupeana mikono siku hizi watu wanapungiana tu. Kwa hiyo mstari ule ndio mahali pekee ambapo mwili wangu ulikuwa bado miongoni mwa watu. Nikikaa benchi, basi.

Zamani ningerudi nyumbani na wifi. Kila Jumatano baada ya maombi alikuwa ananishika njiani kwa mazungumzo, mara habari ya mguu wake, mara habari ya jirani, mpaka nachoka nahamisha uzito wa mwili mguu huu na huu. "Wifi, niache nikapike." "Subiri, bado hujasikia." Tangu msiba hajanishika tena. Maombi yakiisha ananipungia mkono, anakata kona yake. Niliona kwamba mimi nilikuwa ndugu kwa ajili ya Fundi, na Fundi hayupo, basi undugu umekwisha taratibu, bila ugomvi. Alhamisi ile naye alinipungia, akakata kona yake.

*

Ijumaa asubuhi nilisali, nikafungua kabati, nikajaribu kila gauni. La bluu liligoma kifuani. La kijani liligoma nyongani. La maua maua liliingia lote, lakini nyuma zipu ikabaki wazi kama mdomo wa samaki. Nikakaa kitandani katikati ya nguo zangu zote. Mara ya mwisho kuzivaa zilikuwa zinanienea. Nikafikiri, je, mtu anaweza kubadilika hivi kwa miaka miwili? Ugonjwa huu. Nina uvimbe tumboni. Nikajishika tumbo. Lilikuwa tumbo tu, laini, la kwangu.

Nikasema, "Bwana, kama ni ugonjwa nionyeshe. Kama si ugonjwa pia nionyeshe, maana sielewi."

Nikachukua lile la bluu nikaligeuza ndani nje, nione kama lina kitambaa cha kuachia ili kulipanua. Nilikuwa nimefumua nguo za watu nusu ya maisha yangu. Kila mshono una lugha yake. Fundi aliacha akiba nene ya kitambaa ubavuni, zaidi ya mafundi wengine. Wateja walimlalamikia kwamba anakula kitambaa chao, naye akisema, "Nguo ikae na mtu, siyo mtu akae na nguo." Lakini kwenye gauni langu la bluu akiba hiyo ilikuwa imebaki nyembamba kama utepe. Na pembeni ya mshono, upande wa ndani, niliona vitundu.

Vilikuwa vitundu vya sindano. Mshono ukifumuliwa, uzi unatoka lakini matundu yanabaki, na pasi haiyafuti kabisa. Niliona mstari mmoja wa vitundu, umenyooka kutoka kwapa mpaka nyonga. Kando yake kidogo, mstari mwingine. Kando yake, mwingine tena, kama njia za sisimizi wanaofuatana. Kila mstari ulikuwa mahali ambapo mshono uliwahi kuwa, kabla haujasogezwa nje.

Nikageuza la kijani. Vitundu. La maua maua, vitundu. Lile la zamani kabisa, la mwaka binti yetu alipoanza shule, nalo lilikuwa limejaa mistari ubavuni mpaka kitambaa kimechoka.

Nilikaa nalo mapajani muda mrefu. Si kwamba Mungu alinihifadhi kiuno. Kiuno kilienda zake kama cha kila mtu, na kuna mwanamume aliyekuwa anakifuata kwa nyuma na wembe na uzi, gauni moja baada ya lingine, bila kusema. Mimi ndiye niliyemfumulia nguo za mji mzima, na za kwangu alizifumua mwenyewe, sijui saa ngapi. Nikajikuta nacheka, peke yangu, nikikumbuka nilivyojisifu mbele ya wale wanawake. Kisha nikaacha kucheka. Nilitaka kumwuliza kwa nini hakuniambia. Na nilitaka kumgombeza. Lakini pale chumbani hapakuwa na mtu wa kumgombeza.

Nikaligeuza gauni la sare. Kiwanda hakikuacha akiba. Kitambaa kimekatwa kwenye uzi, basi, kana kwamba mwanamke atabaki alivyo siku aliyopimwa. Sikuwa na cha kuachia ubavuni. Lakini lilikuwa refu. Wamekata urefu mmoja kwa wote, na mimi ni mfupi, pindo lingeburuta sakafuni. Nikaona njia: nikate chini, nipate vipande viwili virefu, nivitie ubavuni kutoka kwapa kushuka. Fundi aliwahi kumfanyia hivyo bibi harusi mmoja aliyekuja analia siku ya mwisho.

Nilihitaji kujua upana tu. Nikatoa futi yake kwenye droo, nikajizungushia kifuani. Ukijipima mwenyewe futi inateleza mgongoni. Ukiinua mkono kuirekebisha, kifua kinapanda. Ukiinama kusoma, tumbo linabadilika. Nilipata kipimo kimoja, nikarudia, nikapata kingine, nikarudia, nikapata cha tatu ambacho hakikufanana na viwili vya kwanza. Nikafikiri kumwita wifi anishikie nyuma. Nikamkumbuka anavyokata kona. Nikaacha.

Ndipo nikakumbuka gauni la mwisho.

Fundi alilishona akiwa mgonjwa tayari, anashona anapumzika, anashona anakohoa. Rangi ya udongo, kitambaa kizuri kizito. Aliponipa nililivaa mara moja mbele yake, nikaona aibu, si yangu, ya kwake. Lilikuwa pana kupita kiasi. Likaning'inia kama nguo ya kurithi. Halafu akaweka vifungo mbele, kuanzia shingoni mpaka magotini, kama gauni la mama anayenyonyesha, wakati magauni yangu yote yana zipu mgongoni, na kunifungia ilikuwa kazi yake. Na vifungo vyenyewe alivishona yeye, ingawa kazi hiyo ni yangu, uzi umelegea vinacheza. Nikajisemea, ugonjwa umeshaingia machoni. Nikamwambia, "Asante, ni zuri." Akanitazama, akasema, "Litakukaa." Nikalivua, nikaliweka chini kabisa ya sanduku, na sikuwahi kulitoa.

Sasa nikalitoa. Lilinukia dawa ya nondo. Nikalivaa, nikafunga vifungo kimoja kimoja, nikaenda chumba cha mbele, nikaondoa shuka kwenye kioo.

Lilinikaa. Kifuani, kiunoni, nyongani, chini ya mikono. Halikubana mahali, halikupwaya mahali. Kwenye kioo alisimama mwanamke mnene wa wastani, nywele zina mvi pembeni, amevaa gauni lililoshonwa kwa ajili yake. Nililigeuza ubavu kuangalia ndani. Vitundu hakuna. Akiba nene, ya kutosha miaka mingi.

Nililitandaza mezani, nikalipima lile gauni badala ya kujipima mimi. Futi haikuteleza. Jumamosi tangu asubuhi nilikata, nikaunganisha kwa mkono kwanza, kisha nikakaa kwenye kiti chake. Kiti kina shimo la mtu mzito kuliko mimi, au tuseme mzito kuliko nilivyodhani kuwa mimi. Cherehani ilikuwa na vumbi na ilinuna. Nikaitia mafuta. Mshono wa kulia ulitoka vizuri. Wa kushoto ulipinda kidogo chini ya kwapa, nikaufumua, nikaurudia, ukapinda vilevile. Nikauacha. Binti alipiga simu mchana, akasikia mlio.

"Nani anashona, mama?"

"Mimi."

"Wewe? Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Unashona nini?"

Nikataka kumwambia yote, vitundu na kila kitu. Mtoto wake akaanza kulia nyuma yake, akasema, "Mama, nitakupigia." Nikasema haya.

*

Jumapili nilitoka na gauni limefungwa zipu mpaka nusu ya mgongo, maana mkono wangu haufiki juu ya hapo, na nikajitanda khanga mabegani kuficha. Chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa. Katibu aliponiona na ile rangi akanyanyua nyusi, akanizunguka, akasema, "Mh," akaenda kugombana na mtu aliyevaa ndala.

Jenereta akanichungulia ubavuni. "Umekula kitambaa cha nani?"

"Cha miguu yangu."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi mwaka kesho utakuwa umefika magotini!"

Nikamwendea wifi. Nikampa mgongo, nikaondoa khanga.

"Wifi, nifungie."

Vidole vyake vilikuwa vya baridi, nikavisikia vikipita kwenye mshono wa ubavu, juu mpaka chini, vinasoma. Ni dada wa fundi, naye anajua kusoma nguo.

"Wa kushoto umepinda," akasema.

"Najua."

"Nitabadilishana nafasi na Jenereta. Nitasimama mimi upande huo, hautaonekana."

Akapandisha zipu polepole. Nikamwuliza nikiwa bado nimempa mgongo, maana mambo mengine ni rahisi usipotazamana na mtu. "Ulijua habari ya magauni yangu?"

"Nijue nini?"

"Wifi."

Akashusha pumzi shingoni pangu. "Unadhani Jumatano zote zile nilikuwa nakushika njiani kwa sababu ya mguu wangu? Mguu wangu haukuwa na kitu. Yeye ndiye aliyenituma. 'Dada, nipe nusu saa, nimalize kuachia la kijani.' Mimi nikawa natunga. Siku nyingine nilimaliza habari zote, nikaanza kukusimulia za watu wasiokuwepo."

"Kwa nini hakuniambia mwenyewe?"

"Alisema ulikuwa unafurahi."

Ndoano ndogo ya juu ya zipu ikaingia. Akanipiga bega, maana yake amemaliza. Nikaelewa na lile lingine, ambalo sikumwuliza. Jumatano zimekoma kwa sababu kazi imekwisha. Hakuacha kunipenda. Wala sikuwa na hakika kwamba alikuwa akinipenda zile Jumatano. Alikuwa anamsaidia mdogo wake, na mdogo wake hana tena la kufichiwa. Nilitaka kumwambia, nicheleweshe hata bila sababu. Mwalimu akapiga makofi, tukapanga mstari.

Tuliimba. Jengo jipya lina mwangwi, sauti zilirudi kwetu kubwa kuliko tulivyozitoa. Wifi alikuwa kushoto kwangu, Jenereta kulia, mbavu zao kwenye mikono yangu, na kila tulipovuta pumzi gauni lilivuta pamoja nami, halikuninyima. Sikuwatazama wa benchi la kulia. Wimbo wa mwisho tuliurudia kwa sababu watu walisimama. Nikamwambia Bwana moyoni, asante kwa hili, siombi lingine leo.

Baada ya ibada watu walitawanyika kwenye magari na kwenye picha. Wifi alizungukwa na wajukuu zake. Alinipungia mkono juu ya vichwa vyao, na safari hii aliuacha mkono hewani kidogo zaidi, kama mtu anayetaka kusema kitu kutoka ng'ambo ya barabara. Nikampungia na mimi. Nikaenda nyumbani.

Nilifungua mlango, nikaweka khanga, nikapeleka mkono mgongoni. Haukufika. Nikaupitisha juu ya bega. Vidole viligusa ndoano, havikugusa zipu. Asubuhi nilifikiria kufungiwa tu, sikufikiria kufunguliwa. Nilizunguka chumba cha mbele nikipapasa mgongo wangu kama kuku aliyefungwa kamba. Nilipita mbele ya kioo, nikajiona, nikasimama.

Nilikaa kwenye kiti cha Fundi na sare yangu mwilini. Jua likahama kutoka kwenye cherehani likaenda kwenye ukuta. Kwa majirani sikwenda. Ningewaambia nini, Jumapili wakiwa na watu wao? Mwishowe nilichukua hanga la waya, nikalinyoosha, nikakunja ncha kama kulabu, nikainamisha kichwa, nikawa kama navua samaki nyuma ya shingo yangu mpaka ndoano ikaachia, na zipu ikaja chini kidogo kidogo, inagoma, inaachia. Nikalivua. Nikalitundika.

Kisha nikavaa gauni la rangi ya udongo. Nilianza kifungo cha magotini nikapanda juu, kila kimoja mbele ya macho yangu, kila kimoja kwenye mikono yangu. Nilipofika kifuani nikaelewa kwa nini aliviweka mbele.

Sikulia. Kifungo cha juu kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja, kazi mbaya ya mtu asiyejua vifungo. Nikatunga sindano, nikasimama mbele ya kioo, nikakikaza papo hapo mwilini, nikakata uzi kwa meno. Halafu nikaenda kuwasha jiko, maana sikuwa nimekula tangu asubuhi.